Moshi wa Jikoni: Adui Aliyezoeleka

Katika nyumba nyingi za mashambani mwetu moshi huhesabiwa kama mmoja wa jamaa. Huamka alfajiri pamoja na mama wa nyumba, hutia weusi kuta na paa, huwatoa watu machozi, kisha huenda zake, wala hakuna aulizaye umekwenda wapi. Wazee husema kwamba moshi huzuia mchwa kula nguzo za paa na huhifadhi mbegu za mahindi zilizoangikwa juu ya meko. Maneno hayo yana ukweli wake. Lakini mazoea yana taabu, na taabu ya mazoea haya ni kwamba yametusahaulisha kuuliza swali moja kubwa: moshi huo ukisha kuingia kifuani mwa mtu, hufanya kazi gani humo?

Swali hili si dogo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani peke yake ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto ambao hawajatimiza umri wa miaka 5. Nasi tumo katika habari hiyo. Watu walipohesabiwa Kenya mwaka 2019 ilionekana kwamba zaidi ya nusu ya nyumba zote zilipika kwa kuni, na nyingine nyingi kwa makaa au mafuta ya taa. Basi yafaa kila mtu, wa shamba na wa mjini, ajue jambo hili jinsi lilivyo, na ajue pia ni dawa gani iliyo dawa kweli na ipi iliyo nusu ya dawa.

MOSHI NI KITU GANI

Kama kuni zingeungua kabisa, pasingesalia kitu ila joto, majivu, mvuke wa maji na gesi iitwayo kaboni dioksaidi. Lakini moto wa mafiga matatu haupati hewa sawasawa kila upande, tena kuni mara nyingi huwa mbichi. Kwa hiyo sehemu ya kuni hupaa bila kuungua vema. Sehemu hiyo ndiyo moshi, nao una mambo mawili ndani yake: gesi, na chembe ndogo ndogo za masizi na utomvu.

Katika gesi hizo iliyo ya hatari zaidi huitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho, hata mtu asijue kwamba anaivuta. Ndani ya damu mna kitu chekundu kichukuacho oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa itupayo uhai, na kuipeleka katika kila kiungo. Kaboni monoksaidi hushikamana na kitu hicho kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ikisha kutwaa mahali pake haitoki upesi, na damu huzunguka mwilini kama lori lililopakia mzigo usiotakiwa, huku ubongo na moyo vikikosa riziki yao.

Chembe nazo zina habari yake. Unywele mmoja wa kichwa una unene wa sehemu 70 hivi za elfu za milimita. Chembe ambazo madaktari huzihofia kuliko zote hazizidi sehemu 2 na nusu za elfu za milimita. Yaani lazima chembe karibu 30 zipangwe bega kwa bega ndipo zitimize unene wa unywele mmoja. Moshi tuuonao juu ya paa ni chembe hizo zikiwa zimekusanyika kwa wingi mno. Zikitawanyika macho hayazioni tena, lakini bado zimo hewani, na pumzi huzivuta.

NJIA YA PUMZI

Mtu mzima hupitisha kifuani mwake lita 10,000 hivi za hewa katika mchana mmoja na usiku wake. Kwa kuwa hewa hiyo haiwezi kuwa safi kabisa, mwili umewekewa walinzi. Puani mna nywele na ute. Katika koo la pumzi mna vinywele vidogo visivyoonekana, ambavyo kazi yake ni kufagia ute kuelekea juu mchana na usiku. Vumbi kubwa la barabarani hukamatwa hapo, nasi hulipenga au kulikohoa.

Chembe ndogo za moshi huwapita walinzi hao. Hushuka hadi mwisho wa njia, kwenye vifuko vidogo vya hewa ambavyo katika mapafu ya mtu ni mamia ya mamilioni. Kuta za vifuko hivyo ni nyembamba mno, maana hapo ndipo oksijeni inapovuka kuingia katika damu. Huko nako kuna askari, yaani chembe hai za mwili ambazo humeza takataka na vijidudu. Lakini masizi yakija kila siku asubuhi na jioni, askari hao huelemewa. Na kijidudu cha homa ya mapafu kikifika siku hiyo hukuta lango limelegea.

Wakati huohuo mapafu huvimba ndani kidogo kidogo, kama jeraha lisiloachwa lipone. Baada ya miaka mingi njia za hewa huwa nyembamba, na mtu ambaye hajavuta sigara hata moja maishani mwake hukohoa na kutweta kama mvutaji mkubwa. Tena chembe zilizo ndogo kabisa huvuka hata ukuta wa vifuko na kuingia katika damu, ambamo huchochea uvimbe katika mishipa. Ndiyo maana moshi, ijapokuwa huingia kwa njia ya kifua, huua watu wengi kwa ugonjwa wa moyo na kwa kiharusi. Vilevile huhesabiwa miongoni mwa mambo yaletayo saratani ya mapafu, na hudhuru macho hata kuleta mtoto wa jicho. Mwaka 2013 shirika la kimataifa lichunguzalo saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba hewa chafu ya nje nayo ni kisababishi cha saratani.

SIKU TANO ZA LONDON

Huenda msomaji akasema: "Babu zetu walikaa na moshi, nao wakaishi miaka mingi." Watu wa London walisema maneno ya namna hiyohiyo kwa muda wa mamia ya miaka. Mji wao ulikuwa ukipashwa moto kwa makaa ya mawe, na kila nyumba ilikuwa na dohani yake. Mapema kama mwaka 1661, mwandishi mmoja aitwaye John Evelyn alitoa kitabu cha kumshauri Mfalme Charles wa Pili juu ya ubaya wa moshi wa mji huo. Moshi ukaendelea kutoka. Watu wakauzoea, wakaufanyia mzaha na kuulinganisha na mchuzi mzito wa njegere.

Ijumaa tarehe 5 Desemba 1952 baridi ilikuwa kali, na watu walitia makaa mengi katika meko yao. Siku hiyo upepo ulikoma. Hewa yenye joto ilitanda juu ya hewa baridi iliyokuwa chini, mji ukafunikwa kama chungu kilichotiwa kifuniko. Moshi wa nyumba, wa viwanda na wa magari ulikosa njia ya kupanda, ukachanganyika na ukungu, na salfa iliyokuwa katika makaa ya mawe ikageuka kuwa matone ya asidi hewani. Madereva hawakuweza kuona njia. Makondakta walitembea mbele ya mabasi wakiwa na taa mikononi, mpaka mabasi yenyewe yakasimamishwa. Ukungu uliingia hata ndani ya jumba la michezo, na onyesho moja likavunjwa kwa sababu watu walikuwa hawaoni jukwaa. Katika maonyesho ya mifugo yaliyokuwa yakifanyika mjini, ng'ombe kadhaa walikufa kwa kushindwa kupumua.

Jumanne tarehe 9 upepo ukavuma na ukungu ukaondoka. Hapakuwa na kilio kikubwa mabarabarani, maana waliokufa walikuwa wametawanyika kila mahali majumbani na hospitalini: wazee, watoto wachanga, na watu wenye magonjwa ya kifua na ya moyo. Vifo vilipohesabiwa ndipo habari ilipojulikana. Watu kama 4,000 zaidi ya kawaida walikuwa wamekufa. Wataalamu waliorudia hesabu hiyo miaka mingi baadaye walifuata pia vifo vya majuma na miezi iliyofuata, wakaona kwamba jumla yaweza kufika 12,000.

Mwaka 1956 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya hewa safi. Halmashauri za miji zilipewa uwezo wa kutenga mitaa ambamo hapana ruhusa ya kutoa moshi, na wenye nyumba walisaidiwa kwa fedha za umma ili wabadilishe meko yao. Kazi hiyo haikwisha kwa siku moja. Desemba 1962 ukungu mwingine uliua mamia ya watu. Lakini mtaa baada ya mtaa uliacha makaa yenye moshi, na ukungu ule wa mauti haukuonekana tena.

Mambo mawili ya habari hii yafaa kukumbukwa. Kwanza, moshi uliua watu walioamini kwamba wameuzoea. Pili, mwenye nyumba mmoja akibadili meko yake peke yake hakuokoka, kwa kuwa moshi wa jirani ulimfuata ndani. Ilibidi mtaa mzima ubadilike pamoja.

NYUMBA ZA LAIKIPIA

London ilikuwa na moshi wa siku tano nje ya nyumba. Katika jiko lisilo na madirisha moshi huwa wa kila siku, tena ndani. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika nyumba isiyopitisha hewa vizuri, chembe ndogo zaweza kuzidi kiasi kinachokubalika mara 100.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wawili, Majid Ezzati na Daniel Kammen, pamoja na wasaidizi wao, walichunguza jambo hili hapa Kenya, katika nyumba 55 huko Mpala, Laikipia. Hawakutosheka kupima hewa ya chumba peke yake. Waliandika pia ni nani hukaa mahali gani ndani ya nyumba, kwa muda gani, na anafanya nini wakati moto uwakapo. Matokeo ya kazi yao yalichapishwa mwaka 2001 katika gazeti la madaktari liitwalo The Lancet.

Jambo la kwanza waliloona ni kwamba kadiri mtu alivyovuta moshi zaidi, ndivyo alivyougua kifua mara nyingi zaidi. Jambo la pili ni kwamba mzigo haukugawanywa sawasawa. Watoto wadogo, wa kiume na wa kike, walivuta moshi wa namna moja. Walipokua, wavulana walitoka nje na wasichana wakabaki jikoni. Na kufikia utu uzima wanawake walikuwa wakivuta moshi kupita wanaume mara kadhaa, kwa sababu wao ndio huinama juu ya moto wakati moshi unapotoka kwa wingi.

Jambo la tatu lataka kufikiriwa kwa makini. Hatari ya moshi haipandi kama ngazi yenye vidato vilivyo sawa. Hupanda kama mlima wenye uwanda juu: mwanzoni mwinuko ni mkali sana, kisha juu huwa karibu tambarare. Jiko lenye moshi mwingi mno liko juu ya uwanda huo. Ukipunguza moshi wake kidogo umetembea uwandani tu, hujaanza kushuka. Wahenga walisema: Heri nusu shari kuliko shari kamili. Kwa mambo mengine ni kweli. Lakini katika habari ya moshi, nusu shari yaweza kudhuru karibu sawa na shari kamili.

MAJIKO MAPYA YALIPOJARIBIWA

Maneno hayo yamejaribiwa katika nchi mbalimbali. Huko Guatemala, nchi ya Amerika ya Kati, kati ya mwaka 2002 na 2004 nyumba 534 za mashambani ziligawanywa kwa kura. Nusu zilijengewa majiko yenye dohani, na nusu zilingoja zipate baadaye. Moshi waliouvuta watoto ulipungua kiasi cha nusu tu, wala si zaidi. Homa ya mapafu kwa jumla haikupungua kiasi cha kuondoa shaka. Lakini ile iliyo kali sana, ambayo ndiyo huua, ilipungua kwa karibu theluthi moja. Tena watoto waliopunguziwa moshi zaidi ndio waliofaidi zaidi.

Huko Malawi, kusini mwetu, watu wa nyumba zaidi ya 8,000 waliingia katika jaribio kubwa zaidi, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2016. Majiko waliyopewa yalitumia kuni zilezile, lakini yalikuwa na feni ndogo ya kusaidia moto kuwaka vizuri. Homa ya mapafu ya watoto haikupungua. Wachunguzi walipotafuta sababu waliona kwamba watoto walikuwa bado wakivuta moshi wa takataka zilizochomwa, wa tumbaku, na wa meko mengine. Tena majiko mengi yaliharibika.

Baadaye majiko ya gesi yalijaribiwa Rwanda, India, Peru na Guatemala, katika nyumba za wanawake 3,200 waliokuwa wajawazito. Moshi ulipungua sana. Hata hivyo, kufikia mwaka wa kwanza wa watoto wao, tofauti ya homa ya mapafu iliyo kali haikuonekana.

Je, maana yake moshi hauna madhara? La. Magonjwa ya moyo, ya kiharusi na ya mapafu ya watu wazima huchukua miaka mingi kujengeka, na jaribio la mwaka mmoja na nusu haliwezi kuyapima. Maana yake ni kwamba homa ya mapafu ya mtoto huja kwa njia nyingi: moshi, utapiamlo, kukosa chanjo, na vijidudu vya kila namna. Mtu akifunga mlango mmoja na kuacha mitatu wazi asishangae mwizi akiingia. Wala asiamini mchuuzi amwambiaye kwamba jiko moja jipya ni dawa ya kila kitu.

HATARI YA MAKAA USIKU

Watu wengi hudhani kwamba makaa ni salama kwa kuwa hayatoi moshi mwingi. Ni kweli kwamba masizi yake ni machache kuliko ya kuni, lakini ile gesi ya kaboni monoksaidi hutoka kwa wingi katika makaa yaliyokolea, wakati ambapo hakuna moshi wowote unaoonekana. Kila mwaka miezi ya baridi ya Juni na Julai ifikapo, zipo jamaa ambazo huingiza jiko chumbani, hufunga mlango na madirisha kwa sababu ya ubaridi, kisha hulala. Huumwa kichwa, hulegea, husinzia. Na usingizi huo huwa wa mwisho. Walio salama asubuhi ni wale tu waliolala penye nafasi ya hewa kupita.

Basi hapa hapana haja ya hesabu ndefu. Jiko la makaa lisilale ndani ya chumba cha watu, hata likionekana limezimika, hata mtoto akilia kwa baridi. Ongeza blanketi, lakini jiko liache nje. Ukimkuta mtu amelegea chumbani mwenye jiko, fungua mlango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa safi upesi, kisha mpeleke hospitali.

WATU WA MIJINI

Msomaji wa mjini apikaye kwa gesi asidhani kwamba habari hii haimhusu. Moshi mweusi wa malori na mabasi ya dizeli, vumbi la barabara zisizo na lami, mafuta ya taa yawakayo katika chumba kimoja cha kulala na kupikia, na takataka za plastiki zichomwazo kando ya nyumba, zote hutia hewani chembe zilezile na sumu nyingine juu yake.

Lakini mji nao una habari ya kutia moyo. Kwa miaka mingi petroli ilitiwa risasi ili injini ziende vizuri, na risasi hiyo ilitoka katika moshi wa magari ikadhuru akili za watoto. Kenya iliacha petroli ya namna hiyo mwaka 2006. Nchi nyingine zikafanya vivyo hivyo moja baada ya moja, hata mwezi wa Agosti 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake makuu Nairobi, likatangaza kwamba hapana tena nchi duniani iuzayo petroli yenye risasi kwa magari ya kawaida. Hakuna dereva mmoja ambaye angeweza kufanya jambo hilo peke yake. Sheria na ushirikiano ndivyo vilivyolifanya, kama ilivyokuwa London.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, yasema kwamba kila mtu ana haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Kwa hiyo wakazi wa mtaa unaofukizwa moshi wa takataka wana haki ya kulalamika pamoja mbele ya wakuu wao, wala hawaombi hisani.

YAPASAYO KUFANYWA

Kwanza, punguza muda wa moto. Maharagwe na mahindi makavu yalowekwe usiku kucha kabla ya kupikwa. Chungu kifunikwe. Chakula kikisha kuchemka vizuri chaweza kutiwa katika kikapu kilichojazwa matambara au nyasi kavu na kufunikwa, kikajimaliza chenyewe bila moto. Kuni zisizochomwa hazina moshi, tena hazina gharama.

Pili, kausha kuni. Kuni zilizopasuliwa ndogo na kuanikwa juani kwa majuma kadhaa huwaka kwa ndimi za moto safi. Kuni mbichi hufuka. Zitunzwe mahali pasiponyeshewa.

Tatu, upe moshi njia ya kutoka. Jiko likitengwa na nyumba ya kulala, likawa na madirisha mawili yanayoelekeana, na dohani iliyopita juu ya paa, moshi hupungua. Dohani isafishwe mara kwa mara, maana iliyoziba huurudisha moshi ndani. Lakini tukumbuke lile jambo la uwanda wa mlima: haya yote ni hatua za kushuka, si mwisho wa safari.

Nne, mwondoe mtoto. Mtoto mchanga afungwaye mgongoni mwa mama apikaye huvuta moshi uleule auvutao mama. Dada, shangazi, nyanya, au baba mwenyewe ampokee wakati wa kupika. Mama mjamzito naye asaidiwe kazi ya moto, kwa kuwa anapumua kwa ajili ya wawili.

Tano, zima koroboi. Taa ile ya kopo na utambi hutoa masizi mengi karibu na pua ya mtoto asomaye. Taa ndogo ya nguvu za jua haina moshi wala haihitaji mafuta.

Sita, mwenye uwezo wa kununua mtungi wa gesi au jiko la umeme afanye hivyo, na akisha kununua alitumie kwa chakula cha kila siku, si kwa chai ya wageni tu. Nyumba yenye gesi sebuleni na mafiga yafukayo uani haijabadilika.

Saba, mtoto apelekwe kupata chanjo zake zote. Na mtoto akipumua upesi upesi, au mbavu zikiingia ndani kila avutapo pumzi, asingojwe mpaka asubuhi, wala asipewe dawa ya kikohozi ya dukani. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

NENO KWA WENYE NYUMBA

Katika nyumba nyingi anayeamua fedha zitumike kwa kazi gani si yeye avutaye moshi. Baba hununua redio, baiskeli au mabati ya nyumba kubwa, na jiko hubaki kibanda kisicho na dirisha, kwa sababu yeye hukaa humo kwa nadra. Basi tunamwomba kila mwenye nyumba afanye jambo moja lisilogharimu senti. Jioni moja aingie jikoni tangu moto unapowashwa mpaka chakula kiive, akae pale anapokaa mkewe, na avute pumzi zilezile. Kisha aangalie paa lilivyo jeusi, na akumbuke kwamba mapafu hayana mtu wa kuyapaka chokaa.

Na baraza za vijiji, vyama vya akina mama, shule na makanisa na misikiti yafaa zilizungumze jambo hili pamoja. Shule ipikayo chakula cha watoto mia tano kwa kuni mbichi, na mtaa uchomao takataka zake kila jioni, hauwezi kuponywa na mama mmoja aliyenunua jiko jema. Hewa haina ua wala mpaka wa shamba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu ni wa kijiji kizima, hivyo mikono ya kuuziba lazima iwe mingi.